Miksa Haiuawi na Bei

Kamati ya kanisa ikiketi kununua vyombo vipya, iwe hapa Mwatate au kule Voi, haikosi mjumbe wa kusema kwamba hiyo miksa ya bei rahisi ni ya China, haitamaliza mwaka. Anayesema hivyo huwa hana nia mbaya. Pesa ni za harambee, zimekusanywa noti kwa noti, na hakuna anayetaka kusimama mbele ya waumini mwaka ujao kueleza zilikoyeyukia. Lakini kauli hiyo inabeba madai mawili yaliyofungwa pamoja: kwamba mahali kifaa kilipotengenezewa ndipo panapoamua uhai wake, na kwamba bei ndogo ni dalili ya kasoro. Madai yote mawili yanaweza kupimwa. Nikiyapima naona kwamba jina baya la miksa nafuu za kidijitali lilikuwa na msingi hapo zamani, kwamba msingi huo umemomonyoka sana katika miaka kumi na kitu iliyopita, na kwamba miksa nyingi zinazokufa katika mazingira kama ya Taita Taveta zinauawa na mambo yaliyo nje ya sanduku lake.

Kwa asiyeshughulika na mitambo, miksa ni ile meza yenye vitufe vingi inayokaa nyuma ya kanisa au kando ya jukwaa, ambako sauti za maiki zote, kinanda na gitaa hukutana kabla ya kwenda kwenye spika. Ile ya zamani, ya analogi, hupitisha sauti ikiwa umeme mtupu. Kila laini ina saketi yake, na ukitaka mwangwi unanunua kisanduku kingine cha pembeni. Ya kidijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu, huzichakata kwa kompyuta iliyo ndani yake, kisha huzirudisha kuwa sauti. Faida yake huonekana upesi katika ukumbi wa mabati, ambako maiki hupiga mluzi kila mhubiri akisogea. Unautafuta ule mluzi ulipo, unaupunguza huo peke yake, unahifadhi mpangilio wa kwaya ya akina mama na ule wa vijana, na Jumapili inayofuata unauita kwa kubonyeza mara moja.

Teknolojia yenyewe si changa. Yamaha ilitoa DMP7 mwaka 1987 na 02R mwaka 1995, lakini kwa muda mrefu vifaa vya namna hiyo vilibaki vya studio kubwa na vituo vya televisheni. Hata LS9 ya mwaka 2006, iliyohesabiwa kuwa nafuu kwa wakati wake, ile ya laini 32 iliuzwa kwa takriban dola 10,000. Kisha mwaka 2012 Behringer ikaleta X32: laini 32 za maiki, mwangwi na vichujio vyote ndani, na feda 25, yaani vile vitufe vya kusukuma juu na chini, ambazo hujisogeza zenyewe kwa mota. Yote hayo kwa chini ya dola 3,000. Pengo hilo la bei ndilo lililozua shaka, na shaka ikaiangukia kampuni ambayo tayari ilikuwa inasemwa.

Ilikuwa inasemwa kwa sababu. Behringer ilianzishwa Ujerumani mwaka 1989 na Uli Behringer, na baadaye ikahamishia utengenezaji China. Mwaka 1997 Mackie ya Marekani iliishtaki ikidai kuigiwa miksa; dai la hakimiliki lilitupwa na mahakama mwaka 1999, ila maneno kwamba hao ni watu wa kuiga yalibaki midomoni mwa mafundi. Mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya Marekani ikaitaka kampuni hiyo ilipe faini ya dola milioni 1 kwa kuuza vifaa ambavyo havikuwa vimepimwa kuona kama vinaingilia mawimbi ya redio. Tena miksa ndogo za analogi za bei ya chini, na hapa sisemi za kampuni moja tu, zilijengwa kwa namna iliyoalika lawama: soketi ya maiki ilichomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa saketi, kwa hiyo kila waya ulipovutwa, ule uchomeleaji ndio uliovutwa, mpaka siku moja laini ikaanza kukwaruza. Fundi aliyejifunza kazi kwa vifaa hivyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Tatizo ni kwamba wasiwasi wake anauhamisha mzima mzima hadi kwenye kifaa cha kizazi kingine.

Mwaka 2009 kampuni mama ya Behringer ilinunua Midas na Klark Teknik kutoka kwa Bosch. Midas ni jina la Uingereza ambalo mafundi wa matamasha makubwa wameliheshimu kwa miongo mingi, na X32 ilipotoka, saketi zake za kupokea maiki zilikuwa zimebuniwa na watu hao. Mwaka 2014 ikafuata Midas M32, na hapa upo ushahidi ambao wanakamati wachache huuzingatia. X32 na M32 zina ubongo mmoja, kiasi kwamba mpangilio uliouhifadhi kwenye moja unaweza kuufungua kwenye nyingine. Tofauti za kweli zipo: M32 ina saketi za maiki za daraja la juu zaidi, na feda zake zimekadiriwa kusukumwa mara milioni 1. Nani atakataa kwamba hayo yana thamani? Lakini mtu akisifu uthabiti wa programu ya M32, namna isivyogandaganda katikati ya shughuli, basi anaisifu X32 bila kujua. Sifa imefuata jina lililoandikwa mbele, na bei imesaidia kuisukuma.

Mpinzani atasema: sawa, lakini kila mtu ana habari ya miksa nafuu iliyokufa, na hakuna mwenye habari ya ile ya ghali. Ni kweli, na ndivyo ambavyo tungetarajia hata kama zote zingekuwa na uimara sawa. Kifaa kilichosambaa katika makanisa, kumbi za harusi, shule na kwa mafundi wa kukodisha vyombo kitatoa habari nyingi za vifo kwa sababu kipo kwingi. Ambacho hakipo katika kaunti nzima hakiwezi kufia humo. Kuhesabu vifo bila kuhesabu walio hai hakutoi kipimo cha chochote. Halafu kuna suala la nani anashika kifaa. Miksa ya mamilioni ya shilingi husafiri ndani ya sanduku lenye sponji, huwashwa na mtu anayelipwa, na huzimwa kwa utaratibu. Ile nafuu hubebwa nyuma ya pikapu ikiteremka makona ya barabara ya Wundanyi, huwashwa na kijana wa kujitolea, na mara nyingi huzimwa kwa kuchomoa waya ukutani. Mtu akilinganisha maisha ya mashine hizo mbili amelinganisha malezi.

Kuna hesabu moja inayosaidia kuliko maoni ya mafundi kumi. Sehemu inayozeeka upesi zaidi katika vyombo vya kielektroniki ni kapasita zenye kimiminika, zile zenye umbo la pipa dogo, ambazo hukaa hasa katika sehemu ya kupokea stima. Kapasita ya kawaida huandikiwa uhai wa saa 2,000 katika joto la nyuzi 105, na wahandisi hutumia kanuni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10 uhai huo huongezeka maradufu. Kukiwa na nyuzi 65 ndani ya miksa, basi, tunapata saa 32,000. Kituo cha redio kisichozima mitambo mchana na usiku hutumia saa 8,760 kwa mwaka, kwa hiyo akiba hiyo itaisha kabla ya mwaka wa 4 kukamilika. Kanisa linalowasha miksa kwa saa 6 kila wiki hutumia saa 312 kwa mwaka, na kwa mwendo huo lingehitaji karne nzima. Bila shaka hakuna kapasita itakayofika karne, maana hukauka hata ikiwa imelala, na kanuni yenyewe ni ya makadirio. Zilikuwapo pia kapasita mbovu kutoka viwandani, hasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizovimba na kupasuka ndani ya kompyuta za chapa kubwa na ndogo bila kuchagua bei. Lakini kasoro ya kiwandani aghalabu hujionyesha mapema, katika miezi ya kwanza ya matumizi. Miksa ya kanisa iliyofanya kazi vizuri mwaka mzima na zaidi kisha ikazimika ghafla katikati ya mwaka wa pili haikufa kwa uzee, na ni vigumu kusema ilizaliwa mgonjwa. Kitu kingine kiliifikia.

Kitu hicho, mara nyingi sana, ni stima. Miksa hizi hupokea chochote kati ya volti 100 na 240, na jambo hilo huwapa watu imani kupita kiasi. Stima ikishuka, ni kweli hazijali. Ikipanda kupita kiwango ndipo inapoumiza, na hupanda zaidi pale inaporudi baada ya kupotea, wakati pampu, friji na mashine za kuchomelea za mtaa mzima zinawaka au kuzima kwa pamoja. Kupotea kwenyewe tumekuzoea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa (tumbili, kwa taarifa ya KenGen, alinusurika). Tarehe 25 Agosti 2023 giza likarudi karibu nchi nzima, na mwaka huo huo likarudi tena Novemba na Desemba. Hayo ni yale yaliyoandikwa magazetini. Stima kupotea dakika 5 Jumamosi jioni kwaya ikifanya mazoezi, kisha kurudi kwa kishindo, hakuandikwi popote, ila saketi ya miksa hukuandika. Na stima isipokuwepo kabisa huja jenereta ya kukodi, inayowashwa vyombo vikiwa vimeshachomekwa, na inayotetema inapokaribia kuishiwa petroli huku volti zikipanda na kushuka nayo.

Dawa yake si ghali, na ndiyo maana inaudhi kuona ilivyo adimu. X32 yote hula takriban wati 120 tu, kidogo kuliko watu wanavyodhani wakiona ukubwa wake, kwa hiyo hata UPS ndogo inayouzwa kwa ajili ya kompyuta ya ofisini inaibeba. Kosa la kawaida ni kuichomekea UPS hiyo ampulifaya pia. Hapo huzidiwa wimbo wa kwanza haujaisha, nayo ikalaumiwa kwamba ni feki. Miksa ikae peke yake kwenye UPS, pamoja na kisanduku cha jukwaani kinachopokea nyaya za maiki, kama kipo, na ampulifaya zipate njia yake. Kile kifaa kingine kinachouzwa kulinda friji, kinachokata stima ikizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha, nacho kinaokoa miksa, ingawa ibada itanyamaza wakati huo. Kamati inayotenga laki tatu za mashine na kukataa elfu kumi za kuikinga imeshaamua itadumu muda gani.

Vumbi ni mshukiwa wa pili. Udongo mwekundu wa nyanda hizi, kuanzia Voi kupita mashamba ya mkonge hadi Maktau, huingia popote penye mwanya, na feda ni mwanya wa sentimita 10 ulio wazi juu ya meza. Chembe zikishakaa humo, feda huanza kukwaruza, na ile yenye mota hushindwa kufika ilikotumwa; fundi akiita mpangilio wa kwaya, feda 24 zinakwenda mahali pake na moja inatetemeka njiani. Wenye mashine za bei ya juu nao hupata shida hiyo hiyo, maana vumbi halisomi jina. Leso iliyofunikwa juu ya miksa ikishapoa inatosha. Karatasi ya nailoni ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila isiwekwe mashine ikiwa bado na joto.

Baada ya hapo kuna hitilafu ambazo si za miksa hata kidogo, ingawa zinaandikwa katika daftari lake. Mfano mzuri ni waya mmoja unaounganisha miksa na kisanduku cha jukwaani, ambao siku hizi umechukua nafasi ya lile fungu zito la nyaya. Mfumo huo, AES50, hufika hadi mita 100, lakini hutaka waya wa CAT5e wenye kinga ya chuma na vichwa vya chuma ncha zote mbili, ili umeme tuli uwe na njia ya kutokea. Sasa chukua msimu wa kiangazi hapa nyanda za chini, hewa kavu, zulia la nailoni madhabahuni, na mwanakwaya aliyeburuza viatu juu yake kisha akagusa kile kisanduku. Ukiwa umetumia waya wa kawaida wa mtandao wa ofisini, cheche ile ndogo isiyoonekana inaweza kukata mawasiliano kwa muda mfupi, sauti zote zikapotea, na waumini wakageuka nyuma kumwangalia fundi. Atakayeeleza kisa hicho atasema miksa iligoma. Hali kadhalika zile miksa zisizo na vitufe, kama XR18, zinazoendeshwa kwa tableti: waifai yake ya ndani ni dhaifu, na ukumbi ukijaa watu wenye simu mkononi tableti hupoteza mawasiliano. Sauti huendelea kutoka kama ilivyopangwa mara ya mwisho, ila huwezi kuigusa. Ruta ya pembeni iliyounganishwa kwa waya huliondoa tatizo hilo karibu lote. Kama kuna lawama ya haki kwa mtengenezaji, ni kuuza kifaa kizuri chenye waifai ya kubahatisha ndani yake, na lawama hiyo sitaitetea.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la ukarabati, na anayelitoa si mshamba. Miksa ya analogi ikiugua, huugua kiungo kimoja: laini ya 7 inakufa, unaihama, unaendelea. Fundi wa Voi mwenye chuma cha kuchomelea na mita ya volti ataifungua na kuiponya. Ya kidijitali ikipatwa kwenye sehemu ya stima au kwenye ubao mkuu, inakwenda yote kwa mara moja, na vipuri vyake ni vidogo kama chembe za mtama, vilivyopandikizwa na roboti. Itapakiwa kwenye basi kwenda Nairobi au Mombasa na kurudi baada ya wiki kadhaa, ikiwa itarudi. Hoja hii ni ya kweli, na mimi nisingemshauri mtu anunue bila kuipa uzito. Lakini tazama inachothibitisha. Inathibitisha kwamba mashine za kidijitali, zote, za rahisi na za ghali, zinahitaji mpango wa siku ya kufa. Ile ya milioni mbili nayo haitaponywa kwa chuma cha kuchomelea. Hata hapa unafuu una neno la kusema, kwa kuwa ubao wa stima na feda moja moja huuzwa peke yake kama vipuri kwa mashine zilizosambaa sana, na mashine isiyosambaa vipuri vyake husubiri meli. Ile miksa ya zamani ya laini 8 isiuzwe wala kugawiwa Shule ya Jumapili. Iwekwe kabatini, na waya wake uwe umefungwa nayo, tayari kwa asubuhi hiyo.

Hapo ndipo swali linapohama kutoka chapa na kumfikia muuzaji. Luthuli mjini Nairobi utapata X32 ile ile kwa bei tatu tofauti, na tofauti hiyo huwa na maana yake: mpya kwa muuzaji aliyeidhinishwa, mpya iliyopita njia za pembeni, au iliyotumika ng'ambo na kusafishwa ikang'aa. Behringer hutoa dhamana ya miaka 3 kwa aliyekisajili kifaa chake, lakini dhamana hiyo inakwenda na muuzaji anayetambulika, na aliyenunua bila risiti hana cha kusajili. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili. Kuidai haki hiyo bila karatasi ni kazi ngumu. Kabla ya kuuliza chapa ipi ni imara, kamati ingeuliza dukani: ikizimika Jumapili, nampigia nani Jumatatu, ubao wa stima mnao hapa, na mtanipa mashine ya kuazima au la? Muuzaji asiye na jibu ameshajibu.

Na kwa makanisa yaliyo karibu karibu kama ya hapa, kuna jambo ambalo bei ndogo inaliwezesha na bei kubwa haiwezi. Parokia au sharika tatu zikinunua modeli moja, zinaweza kuchangia ubao mmoja wa stima wa akiba na UPS moja ya ziada, na fundi wa kanisa moja akawa fundi wa yote matatu bila kujifunza upya. Mpangilio wa kila kanisa unaingia kwenye flashi moja. Miksa ya kanisa la chini ikizimika Jumamosi usiku, ile ya jirani anayeabudu ibada ya kwanza tu inaweza kupanda bodaboda saa nne, flashi ikachomekwa, feda zikajisogeza mahali pake, na kwaya ikaanza saa tano.